Amana ya Mayai Tisa

Huu ni mwaka wa tatu tangu tuanze kuangua mayai nyumbani, na katika muda huo wasomaji kadhaa wa jarida hili, hasa akina mama, wametuuliza arusini, madrasani na hata matangani, mashine ile inafanyaje kazi na kama ina faida yoyote. Tumekuwa tukijibu kwa mkato. Juma hili tumeona tujibu kwa kirefu, na njia iliyo nyepesi kwetu ni kusimulia habari ya mayai tisa ambayo hayakuwa yetu.

Mashine yenyewe si kitu cha ajabu. Ni sanduku la mbao lililotengenezwa na fundi wa jua kali hapa hapa Malindi, lina balbu mbili, feni ndogo ya kuzungusha hewa, kidhibiti joto, na trei za mayai 64. Joto linalotakiwa ni nyuzi 37.5, na siku za yai la kuku ni 21. Bata wa kawaida huhitaji siku 28, kanga hukaribia hizo hizo, na kware hutoka kwa siku 17 au 18. Tukitaja kware, wasomaji watakumbuka mwaka wa 2014, pale nchi nzima ilipoingiwa na wazimu wa mayai ya kware, watu wakakimbilia leseni na mashine, kisha bei ikaanguka na wengi wakabaki na vizimba vitupu. Sisi tulijifunza kwa kutazama, tukaanza na kuku wa kienyeji ambao hakuna siku watakosa mnunuzi.

Maelezo yaliyokuja na mashine yaliandikwa na watu wa bara. Yanasema bakuli la maji lijazwe tangu siku ya kwanza ili unyevu ufike asilimia 50 au 55. Tulipoiwasha mashine bila tone la maji, kipimo kilisoma 47. Hewa ya pwani ilikwisha kufanya kazi yake, maana hewa inayotoka baharini ikipashwa moto hubaki na unyevu wa kutosha. Jambo hili si dogo. Yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwenye ganda lake, na kupitia humo hutakiwa kupoteza maji polepole, kiasi cha sehemu 12 katika 100 za uzito wake kufikia siku ya 18, ili nafasi ya hewa upande mnene wa yai iwe kubwa ya kutosha. Yai lisilopungua maji humzamisha kifaranga ndani ya ganda. Kwa hiyo sisi hatutii maji mpaka siku ya 18, ambapo unyevu unapaswa kupanda ufike 65 au 70 ili utando wa ndani usikauke ukamnasa kifaranga anapotoka. Wakati wa kaskazi hutia kidogo zaidi, na wakati wa masika pungufu.

Kuna la kugeuza pia. Koo aliyeatamia hugeuza mayai yake mara nyingi usiku na mchana, kwa mdomo na kwa miguu, ili kiini kisigande upande mmoja wa ganda. Mashine yetu haijigeuzi. Wenye ujuzi hushauri yai ligeuzwe mara zisizo shufwa kwa siku, mara tatu au tano, ili lisilale upande ule ule kila usiku, kwa kuwa usiku ndio muda mrefu kuliko yote. Mara tano tulikuwa nazo tayari. Kila baada ya swala mmoja wetu huenda kugeuza mayai, na binti zetu wameyaandika kwa penseli alifu upande mmoja na be upande wa pili, basi anayeingia akikuta alifu zote zinatazama juu hujua kwamba mwenzake amekwisha pita. Kuanzia siku ya 18 hatuyagusi tena.

Watu hudhani jambo hili ni la wazungu na la umeme. Misri waliangua mayai kwa maelfu katika majengo ya tanuri tangu zama za kale, wakipasha joto kwa moto wa samadi na mabua. Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyeizuru nchi hiyo mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, aliieleza kazi hiyo kwa urefu katika kitabu chake cha habari za Misri. Mafundi wa tanuri hizo hawakuwa na kipima joto. Walichukua yai wakaligusisha kwenye kope za jicho, mahali ambapo ngozi ni laini, wakajua kama moto umezidi au umepungua. Tumejaribu. Baada ya miezi kadhaa kope hujifunza, ingawa hatumshauri mtu aitupe kipima joto chake.

Mama yetu mzazi, ambaye tunakaa naye, haipendi mashine. Husema koo mmoja hufunika mayai kumi au kumi na mawili, huyatotoa karibu yote, haombi stima, na vifaranga wakitoka wana mama. Kwa idadi ndogo ana haki. Tulimsomea siku moja habari za emu, ndege mkubwa wa Australia, ambaye jike lake likishataga mayai yale ya kijani iliyokolea huenda zake, dume ndilo linaloatamia kwa muda wa wiki nane hivi, halili, halinyanyuki ila kugeuza mayai, na hukonda mno mpaka vifaranga watoke, kisha huwalea. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mwanawe wa kiume, akasema, “Umesikia?” Tangu hapo zamu ya kugeuza baada ya alfajiri ina mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye mayai tisa.

Mwezi ule kideri kiliingia mtaani. Anayefuga hahitaji kuelezwa. Kuku huzubaa, huhema kwa mdomo wazi, huharisha kijani, wengine hupinda shingo, na katika siku chache tundu zima huwa kimya. Hakina dawa, kina chanjo tu, na chanjo haimsaidii kuku aliyekwisha ambukizwa. Kuku wetu walikuwa wamechanjwa. Kwa jirani yetu wa nyumba ya nne hawakuchanjwa, kwa sababu aliyekuwa akizishika shughuli hizo alikuwa amefariki miezi miwili kabla.

Marehemu alikuwa mfugaji wa kuchi. Wasomaji wa Lamu na Mombasa wanawajua kuku hao: warefu, shingo imesimama, kifua wazi, mdomo mfupi wenye nguvu. Wapo wanaowafuga ili wawapiganishe, na hilo wanavyuoni wamelikataza waziwazi. Yeye aliwapenda kwa umbo lao tu, na kizazi chake alikirithi kwa baba yake, akakataa kukichanganya na kuku wengine kwa miaka yote tuliyomjua. Alipofariki aliacha jogoo mmoja na makoo wawili. Kideri kiliwachukua wote watatu kati ya Jumapili na Jumatano.

Mjane wake alikuwa eda. Hakuweza kuja mwenyewe, basi akamtuma mwanawe wa miaka kumi na mmoja na kikapu cha ukili. Ndani yake, juu ya kanga iliyokunjwa, mlikuwa na mayai tisa. Kijana alisimama mlangoni akasema maneno aliyofundishwa: mama anawasalimu, anasema haya ndiyo yaliyobaki ya kuku wa baba, na kama yatatoka, nusu ya vifaranga ni yenu.

Tuliyatazama. Kila yai lilikuwa na tarehe kwa penseli. Baba yake alikuwa na desturi hiyo, na mtoto alikuwa ameiendeleza bila kuambiwa na mtu. Kwa tarehe hizo tuliona kwamba yai kongwe lilikuwa na siku kumi na moja na jipya lilikuwa na siku tano. Yai la kuangua hupendelewa lisipite siku saba, likifika kumi nguvu zake hupungua, ila hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa hili: mayai ya mwisho yalitagwa wakati ambapo maradhi huenda yalikuwa yamekwisha ingia kwenye tundu. Na ndani ya mashine yetu mlikuwa na mayai arobaini ya watu wengine, akina mama watatu walioyaleta kwa malipo, mmoja wao akitegemea vifaranga hao kwa karo ya muhula.

Hatukulala mapema usiku huo. Mmoja wetu alisema amana ya watu arobaini haiwezi kuhatarishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mwenzake akasema mayai arobaini si watu arobaini, na kwamba wale wenye mayai wanaweza kupata mayai mengine kesho sokoni, lakini haya hayapatikani tena duniani. Yote mawili yalikuwa kweli. Mama alikuwa akisikiliza kutoka chumbani kwake, na ndiye aliyeuliza kwa nini tunalifanya jambo kana kwamba sanduku ni moja tu katika mji.

Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili tulikuwa na sanduku la pili. Lilikuwa sanduku la samaki la kuhifadhia barafu, lenye kuta nene, tukalitoboa matundu ya hewa, tukafunga balbu moja ndogo na kidhibiti joto cha akiba, tukaweka wavu wa waya na kitambaa. Halikuwa na feni, na sanduku lisilo na feni hutaka joto la nyuzi 38 na zaidi kidogo likipimwa juu ya mayai, kwa kuwa hewa ya chini huwa baridi zaidi. Tuliliweka chumba cha uani, mbali na mashine na mbali na tundu. Mayai tuliyapangusa kwa kitambaa kikavu. Hatukuyaosha, maana maji husukuma uchafu kuingia vitunduni. Anayetoka chumba kile alinawa mikono kwa sabuni na kubadili viatu, mtoto kwa mkubwa.

Kuhusu nusu ya vifaranga, tulikuwa na msimamo wetu tangu zamani. Tulipoanza kazi hii baadhi ya wateja walitaka tulipwe kwa vifaranga, na wengine walitaka kununua vifaranga ambao bado ni mayai. Tulimwendea mwalimu wa madrasa. Alitueleza kwa upole kwamba kuuza kifaranga aliye ndani ya yai ni kuuza kisichojulikana kama kipo, na kwamba ujira wa mtu ni vizuri ujulikane tangu mwanzo. Akatushauri tutoze shilingi maalumu kwa kila yai linaloingia, na mwenye mayai achukue chake chote, kiwe kingi au kichache. Tangu siku hiyo tunatoza shilingi 20 kwa yai. Tulimrudisha kijana na salamu na jibu hilo, pamoja na ujumbe kwamba kwa mayai haya hatutaki kitu. Alirejea baada ya robo saa. Mama yake amesema: shilingi 180, na asiporuhusiwa kulipa, kikapu kirudi.

Siku ya saba usiku tuliyamulika. Chumba huzimwa taa, yai likawekwa juu ya tochi iliyozungushiwa kitambaa. Lenye uhai huonyesha doa jeusi lililozungukwa na mishipa myekundu kama buibui, na ukitulia utaliona doa likitikisika. Lisilo na mbegu hung’aa tupu. Lililokufa huonyesha duara la damu. Katika tisa, mawili yalikuwa matupu, nayo ndiyo yale makongwe. Moja lilikuwa na duara la damu, na hilo lilikuwa jipya kuliko yote. Tulilifukia mbali na nyumba, kwa kina. Yakabaki sita. Binti yetu mdogo ndiye aliyepeleka habari kila jioni. Alikaa na mjane kwenye mkeka akamchorea mishipa kwenye daftari.

Wafugaji wa emu hawana njia hiyo ya tochi, kwa kuwa ganda lile la kijani ni zito na jeusi mno. Huligonga yai taratibu au hulipigia mluzi, wakatazama kama litajitikisa juu ya meza. Mama hakushangaa. Bibi yake, alisema, siku za mwisho alikuwa akiyaweka mayai kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, lililo hai likacheza majini na lililo viza likatulia.

Usiku wa siku ya 19 stima ilipotea baada ya isha. Tulidhani ni saa moja au mbili. Ilirudi baada ya alfajiri. Tulikuwa na masanduku mawili ya kuangalia. Watu wengi katika hali hiyo hukimbilia jiko la makaa, nasi tunawaonya wasithubutu, kwa kuwa moshi usioonekana wa makaa katika chumba kilichofungwa huua watu, seuze vifaranga. Tulichemsha maji jikoni, tukayatia kwenye chupa, tukazifunga kwa taulo na kuzipanga pembeni mwa masanduku, tukafunika kwa mablanketi tukiacha matundu ya hewa wazi. Kila saa tulibadilisha chupa. Joto la sanduku la kuchi lilishuka mpaka 34 likasimama hapo. Lenye faraja ni kwamba yai la siku 19 si yai tena, ni kiumbe chenye joto lake, na hustahimili kupoa kuliko linavyostahimili kuzidishiwa moto. Nyuzi tatu juu ya kiwango kwa saa chache zingetuulia wote. Nyuzi tatu chini huwachelewesha tu.

Na walichelewa. Siku ya 21 haikuonekana dalili. Usiku wake tuliweka sikio, tukasikia mlio ndani ya yai moja, mdogo mno, kama wa mlango wa kabati. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza: kifaranga hupasua utando na kuingiza mdomo kwenye nafasi ya hewa, na kwa mara ya kwanza huvuta pumzi kwa mapafu. Kisha hutoboa ganda lenyewe, halafu hupumzika. Mapumziko hayo yanaweza kuwa saa 12 au hata siku nzima, na ndiyo yanayowashinda watu. Kijana wa marehemu alikuwa ameruhusiwa kulala kwetu. Aliliona tundu kwenye ganda, na mdomo unaofunguka na kufumba, na saa zikipita bila mabadiliko. Akaomba tumsaidie kwa kumenya. Tukamweleza kwamba wakati ule kifaranga anavuta ndani ya tumbo lake kiini kilichobaki na damu iliyo kwenye mishipa ya ganda, na mtu akimmenya kabla hajamaliza atamtoa damu mpaka afe. Hakubishana. Alikaa chini akaegemeza paji la uso kwenye sanduku, na tunasema kweli, ilikuwa vigumu kwetu kumtazama kuliko kulitazama yai.

Wa kwanza alitoka baada ya dhuhuri, miguu mirefu isiyo na kiasi, akaanguka kifudifudi akalala. Mpaka asubuhi walikuwa wanne. Mayai mawili yaliyobaki tuliyasubiri siku mbili zaidi, na tulipoyafungua tulikuta vifaranga waliokamilika kila kitu, wamekufa ndani. Kijana aliyafukia mwenyewe chini ya mwarobaini.

Hatukuweza kumpa vifaranga wale wawapeleke kwao, maana tundu lao lilikuwa bado na maradhi. Tulimwagiza aondoe samadi na manyoya yote, achome, apake chokaa, aache jua lifanye kazi kwa majuma kadhaa. Kwetu tuliwawekea balbu kwenye katoni, nyuzi 35 juma la kwanza, tukapunguza tatu hivi kila juma. Kiini walichokuja nacho tumboni huwatosha siku mbili tatu bila chakula, ndiyo maana vifaranga husafirishwa kwa basi kutoka Nairobi wakafika wazima. Mmoja alikufa siku ya tisa bila sababu tuliyoiona. Wakabaki watatu, jogoo mmoja na mitetea miwili, ingawa wakati huo hakuna aliyejua.

Jambo jingine lilifanyika mtaani katika majuma hayo. Chupa moja ya chanjo ya kideri hutosha kuku mia au zaidi, na mwenye kuku saba haoni sababu ya kuinunua, basi hainunui, na maradhi humkuta. Akina mama wa mtaa walikubaliana kuchanga. Chanjo huletwa kwenye chupa ya chai yenye barafu, na nyumba kwa nyumba kila kuku hutiwa tone moja jichoni, siku moja, kila baada ya miezi mitatu au minne. Nyumba zilizoshiriki mara ya kwanza zilikuwa kumi na nne. Ambao wangependa mtaa wao ufanye vivyo hivyo waulize ofisi ya mifugo iliyo karibu nao.

Eda ya jirani yetu ilikwisha siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi alikuja, na nyumba yetu ilikuwa ya pili kutembelewa, baada ya kwa mama yake. Alikaa ukumbini, akanywa kahawa, akazungumza na mama habari za watu. Vifaranga walipoletwa alimshika mkubwa wao, akamnyoosha shingo kwa vidole viwili kama alivyokuwa akifanya marehemu, akamtazama mguu, akamtazama mdomo, asiseme neno. Kisha akafungua ncha ya leso akahesabu shilingi 180 juu ya meza. Tulimwambia kwamba mayai matatu yalikuwa viza tangu mwanzo. Akasema yaliingia tisa.

Hiyo ni miezi sita iliyopita. Mitetea yake inataga, na wiki hii ameleta mayai matano, yenye tarehe. Mashine ina nafasi, lakini mama ana koo aliyeanza kuatamia, na wanazozana wao kwa wao ni wapi yawekwe. Jogoo anawika saa nane za usiku. Majirani wanalalamika, ila wale wa tahajudi.